Ufupishaji wa Maumbo ya Vitenzi katika Kiswahili cha Mazungumzo: Mifano kutoka Moshi

1.0 Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku ni nadra kumsikia mzungumzaji wa Kiswahili akitamka “nitakuja” au “amekwisha kula” kwa ukamilifu wa silabi zake. Katika soko la Mbuyuni, katika kituo cha mabasi na katika viwanja vya shule za Moshi, maumbo yanayosikika ni “ntakuja”, “ameshakula”, “nshafika”, “ndo maana” na mengine ya namna hiyo. Hali ni hiyo hiyo Unguja, Mombasa na Dar es Salaam. Hata hivyo, mwanafunzi wa Moshi anapoyaingiza maumbo haya katika insha, maelezo yanayotolewa juu ya kosa lake mara nyingi huwa mawili: kwanza, kwamba ni uvivu wa ulimi, pili, kwamba ni athari ya Kichaga.

Makala hii inakusudia kuonyesha kuwa maelezo yote mawili hayatoshi. Hoja yake kuu ni kwamba ufupishaji wa vitenzi hufuata kanuni, na kwamba sehemu kubwa ya makosa yanayoonekana katika maandishi haitokani na kufupisha bali na kurefusha. Mwandishi huanza na umbo fupi alilolisikia, akajaribu kulirudisha katika umbo refu ambalo hakufundishwa, akalirudisha mahali pasipo pake. Ikiwa hoja hii ni sahihi, basi dawa ya makosa hayo si kumkataza mwanafunzi asifupishe anapozungumza, bali ni kumwonyesha njia iliyopitiwa na umbo fupi ili aweze kuirudia akiwa na kalamu mkononi.

Suala hili lina uzito wake. Mwanafunzi hupoteza alama kwa umbo asiloelezwa asili yake. Aidha, mwandishi wa maelezo ya shahidi, mwuguzi anayeandika kauli ya mgonjwa, na katibu anayeandika kumbukumbu za chama cha ushirika, wote hupokea maumbo mafupi kwa sikio na kuyaandika kwa maumbo marefu. Wakikosea katika kurefusha, wanabadili maana ya kauli ya mtu mwingine.

Mifano inayotumika hapa ni ya matumizi ya kawaida na imepangwa kwa ajili ya uchambuzi. Haikusudiwi kuwa takwimu. Alama ya nyota inaonyesha umbo lisilokubalika katika Kiswahili sanifu.

2.0 Ufupishaji katika historia ya njeo

Kabla ya kuyachunguza maumbo ya leo, yafaa ikumbukwe kuwa baadhi ya viambishi vya njeo tunavyovifundisha kama maumbo sanifu ni mazao ya ufupishaji wa zamani. Mfano ulio wazi zaidi ni kiambishi cha wakati ujao “-ta-”. Kiambishi hiki kinatokana na kitenzi “taka”. Ushahidi haupo mbali, kwani umbo refu limehifadhiwa katika vitenzi vyenye o-rejeshi:

(1) (a) Mtu atakuja.
    (b) Mtu atakayekuja.

Katika (1b) kitenzi “taka” kinaonekana chote, kimebeba kirejeshi “-ye-”. Katika (1a) silabi yake ya mwisho imedondoshwa. Kwa hiyo kila asemaye “atakuja” anatumia umbo lililofupishwa, ila ufupisho wake umekwisha kukubalika kwa muda mrefu kiasi kwamba hakuna anayeutambua.

Hali kadhalika, kiambishi cha hali timilifu “-me-” kinahusishwa na kitenzi cha kale cha Kibantu chenye maana ya kumaliza. Hata kiambishi cha ngeli ya kwanza “m-” katika “mtu” na “mtoto” ni ufupisho wa “mu-”, ambao hadi leo unasikika katika Kiswahili cha Kongo ya Mashariki, ambako husemwa “muntu” na “mutoto”.

Mabadiliko haya yalikuwa yamekwisha kutokea wakati usanifishaji ulipoanza. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi yake mwaka 1930, maumbo mafupi yaliyokuwa yameenea yalichukuliwa kuwa ndiyo kamili, na yale yaliyokuwa bado safarini yalibaki nje ya vitabu. Hivyo mpaka kati ya “umbo kamili” na “umbo la mkato” ni mpaka wa tarehe zaidi ya kuwa mpaka wa kanuni.

3.0 Nafsi ya kwanza umoja

3.1 Udondoshaji wa irabu ya “ni-”

Kiambishi cha nafsi ya kwanza “ni-” hupoteza irabu yake kinapofuatwa na konsonanti:

(2) (a) nitakuja > ntakuja
    (b) nilikuwa > nlikuwa
    (c) nikamwambia > nkamwambia

Kinachodondoshwa hapa ni irabu peke yake. Kwa wasemaji wengi nazali inayobaki huendelea kubeba silabi, kama inavyofanya katika “nchi” na “nne”, ambamo mkazo wenyewe huangukia kwenye nazali. Idadi ya silabi katika “ntakuja” basi haipungui. Mchakato huu ni ule ule uliozaa “mtu” kutoka “mutu”. Tofauti ni kwamba mmoja umekamilika na mwingine unaendelea.

3.2 “Nasoma” mbili

Utata wa kwanza unaostahili kuangaliwa ni wa umbo “nasoma”. Umbo hili lina asili mbili:

(3) (a) ni-na-soma > nnasoma > nasoma
    (b) ni-a-soma > nasoma

Katika (3a) tuna njeo ya “-na-” iliyofupishwa. Katika (3b) tuna njeo ya “-a-”, ambayo ni njeo kamili yenye maumbo yake katika nafsi zote: nasoma, wasoma, asoma, twasoma, mwasoma, wasoma. Ashton (1944) anazitenga njeo hizi mbili, na wazungumzaji wa lahaja za pwani huzitumia zote. Katika Kiswahili cha bara, Moshi ikiwemo, njeo ya “-a-” haisikiki sana katika mazungumzo. Mkazi wa Moshi hukutana nayo zaidi katika ushairi na katika vichwa vya habari vya magazeti, ambamo “Wakulima walalamikia bei ya kahawa” ni mtindo wa kawaida.

Je, “nasoma” ya mwanafunzi wa Moshi ni ipi? Ukanushi hausaidii, kwa kuwa zote mbili hukanushwa kwa “sisomi”. Vipo vipimo viwili vinavyosaidia. Cha kwanza ni kubadili nafsi. Asemaye “nasoma, unasoma, anasoma” anatumia “-na-”, na “nasoma” yake ni ufupisho. Asemaye “nasoma, wasoma, asoma” anatumia “-a-”. Cha pili ni kutumia kitenzi chenye mzizi wa silabi moja. Njeo ya “-na-” huhitaji “ku-” mbele ya mzizi huo, ilhali njeo ya “-a-” haiuhitaji:

(4) (a) ninakula > nakula
    (b) nala

Anayesema “nakula” basi amefupisha “ninakula”, na anayesema “nala” hakufupisha kitu katika njeo yake. Kwa kipimo hiki inaonekana wazi kwamba “nasoma” ya Moshi kwa kawaida ni ile ya (3a). Kosa huzuka pale mwanafunzi, akiwa amesikia kwamba “nasoma” pia ni umbo sanifu, anapodhani kuwa ameruhusiwa kuiondoa “ni-” popote. Ndipo huandika *“takuja kesho” au *“mefika salama” katika barua rasmi. Katika ushairi maumbo kama “takuja” yanakubalika, lakini kwa sababu nyingine itakayoelezwa katika sehemu ya 7.0.

4.0 Kutoka “kwisha” hadi “-sha-”

Mfano ulio muhimu kuliko yote ni wa kitenzi “isha”. Kikiwa na kiambishi “ku-” hupata uyeyushaji na kuwa “kwisha”, na kikitumika kama kitenzi kisaidizi huonyesha kuwa tendo limekamilika kabla ya wakati unaozungumziwa. Safari yake inaweza kupangwa hivi:

(5) (a) amekwisha kula
    (b) ameshakula
    (c) ashakula

Hatua ya (5a) ina maneno mawili na mikazo miwili: mmoja juu ya “-kwi-”, mwingine juu ya “ku-”. Hatua ya (5b) ina neno moja na mkazo mkuu mmoja, nao umo katika silabi ya pili kutoka mwisho kama ilivyo kanuni ya Kiswahili. Hapa “kwi” imetoweka na “sha” imeungana na kitenzi kikuu. Katika hatua ya (5c) hata “-me-” imeondoka, na “-sha-” imekalia nafasi ya njeo peke yake: nshakula, ushakula, ashakula, tushakula, mshakula, washakula.

Je, ni halali kuiita “-sha-” kiambishi cha njeo? Ushahidi umo katika namna inavyoichukulia “ku-” ya kitenzi kikuu. Linganisha:

(6) (a) ataka kula > atakula
    (b) ataka kusoma > atasoma
(7) (a) amekwisha kula > ameshakula
    (b) amekwisha kusoma > ameshasoma

Katika (6) “ku-” inabaki kwa mzizi wa silabi moja na inadondoka kwa mzizi mrefu. Katika (7) hali ni ile ile. Hakuna asemaye *“ameshala” wala, katika matumizi ya kawaida, *“ameshakusoma” kwa maana hiyo. Umbo hili la pili likisemwa, “-ku-” yake itaeleweka kuwa kiambishi cha yambwa, yaani amekusoma wewe. Kwa hiyo “-sha-” inafuata njia iliyopitiwa na “-ta-”. Yapo pia maelezo ya kimaana. Kiambishi “-me-”, ambacho chenyewe kilitokana na kitenzi cha kumaliza, kimepanuka kimaana hata kikawa kinaeleza pia hali iliyopo, kama katika “amelala” na “amesimama”. Lugha ikahitaji njia nyingine ya kusisitiza ukamilifu wa tendo, ikakitumia kitenzi kingine cha kumaliza. Mzunguko umejirudia.

Ukanushi nao unathibitisha jambo hili. Kinyume cha “ameshakula” si *“hajashakula” bali ni “hajala”. Yaani “ameshakula” na “hajala” ni jozi moja ya kisarufi, ingawa maumbo yake hayafanani. Mwanafunzi asiyejua hivyo hujaribu kukanusha “-sha-” moja kwa moja na kukwama.

Sasa tuangalie makosa ya uandishi yanayohusiana na umbo hili. Yanayojitokeza ni haya:

(8) (a) *amesha kula
    (b) *ame sha kula
    (c) *ameisha kula

Makosa haya hayakutokana na kufupisha. Aliyefupisha ipasavyo ameandika “ameshakula”, umbo ambalo limekwisha kuzoeleka hata katika maandishi ya kawaida. Waandishi wa (8) ni watu waliohisi kuwa ndani ya “ameshakula” mna maneno mawili, na hisia hiyo kihistoria ni ya kweli. Wamejaribu kuyatenganisha, lakini kwa kuwa hawakuonyeshwa “kwisha” iliyodondoka, wamekata mahali ambapo sikio limewaelekeza. Mwandishi wa (8c) amekaribia zaidi, kwa sababu amekitambua kitenzi “isha”. Amekosa tu “kw”. Mwalimu anayeipiga mstari mwekundu (8c) bila maelezo anamwadhibu mwanafunzi aliyefanya uchambuzi wa mofimu bila kufundishwa.

5.0 “Kafika” na “keshafika”

Katika Kiunguja cha mazungumzo nafsi ya tatu umoja hutumia “ka-” kuonyesha hali timilifu: “kafika” kwa maana ya “amefika”, “kaja” kwa maana ya “amekuja”. Kutokana na “ka-” hiyo na kitenzi “isha” tunapata “kesha”, na hatimaye “keshafika”, yaani “amekwisha kufika”. Kwa njia ya redio, muziki na wasafiri maumbo haya yamefika Moshi, ambako yanakutana na maumbo mengine yanayofanana nayo.

Kwanza, “kafika” inafanana na ufupisho wa “akafika”, yenye “-ka-” ya masimulizi. Tofauti ya maana si ndogo:

(9) (a) Kafika saa mbili. (= Amefika saa mbili.)
    (b) Kafika saa mbili. (= Akafika saa mbili.)

Kauli ya (9a) inaeleza tendo lililokamilika ambalo matokeo yake yapo sasa. Kauli ya (9b) inaeleza tendo moja katika mfuatano wa matendo yaliyopita. Mwandishi wa maelezo ya shahidi akiandika “amefika” mahali pa “akafika”, msomaji anaweza kuelewa kuwa mtu huyo bado yupo alipofika. Mizizi ya silabi moja haitufai hapa, kwa kuwa zote mbili huweza kuwa “kaja”. Kipimo kinachofaa ni wingi: “wamefika” kwa (9a) na “wakafika” kwa (9b). Mwandishi makini humwuliza msemaji swali moja tu lenye wingi, na jibu likafichua njeo.

Pili, “kesha” inafanana na kitenzi “kesha”, yaani kukaa macho usiku kucha. Anayerefusha “keshafika” bila kujua asili yake anaweza kuandika *“amekesha kufika”, sentensi ambayo haina maana iliyokusudiwa. Hapa tena kosa limo katika kurefusha.

6.0 “Ndiyo”, “ndio” na “ndo”. “Si”, “siyo” na “sio”

Jozi hizi si vitenzi kwa maana ya kawaida, lakini hufanya kazi ya kitenzi katika sentensi, na mkanganyiko wake ni mkubwa. Mofimu “ndi-” huunganishwa na kirejeshi cha ngeli ya nomino inayohusika:

(10) (a) Mtoto ndiye huyu. Watoto ndio hawa.
     (b) Mti ndio huu. Miti ndiyo hii.
     (c) Jibu ndilo hili. Majibu ndiyo haya.
     (d) Kitabu ndicho hiki. Vitabu ndivyo hivi.
     (e) Nyumba ndiyo hii. Nyumba ndizo hizi.

Katika matamshi ya haraka kiyeyusho “y” kati ya “i” na “o” hakisikiki vizuri. Hivyo “ndiyo” na “ndio” hulingana sikioni, na zote mbili hufupishwa kuwa “ndo”, kama katika “ndo maana” na “ndo nafika”. Mwandishi akitaka kurudi kutoka “ndo” anakuta njia mbili mbele yake, na sikio haliwezi kumwamulia. Ngeli pekee ndiyo inayoamua. Neno “maana” ni la ngeli ya tisa. Kwa hiyo umbo refu la “ndo maana” ni “ndiyo maana”. Jibu la kukubali nalo ni “ndiyo”.

Kwa upande wa ukanushi, Kiswahili sanifu kinatenga “si” na maumbo yenye kirejeshi:

(11) (a) Huyu si mwalimu.
     (b) Huyu siye mwalimu niliyemtaja.

Sentensi ya (11a) inakanusha sifa. Ya (11b) inakanusha utambulisho. Katika mazungumzo ya bara “sio” imechukua nafasi zote mbili: “Mimi sio mwalimu”. Hapa hatuna ufupishaji bali tuna urefushaji uliozoeleka. Msemaji ameiona “si” kuwa fupi mno kusimama peke yake, akaiongezea kirejeshi kisichorejelea kitu. Ni vema mwanafunzi aelezwe kuwa katika maandishi rasmi “si” inatosha.

7.0 Kwa nini kurefusha ni kugumu

Zipo sababu tatu za kimfumo zinazofanya urefushaji uwe mgumu kuliko ufupishaji.

Kwanza, othografia ya Kiswahili haina alama maalumu ya kuonyesha sauti iliyodondoshwa. Katika Kiingereza kazi hiyo hufanywa na alama ya ritifaa. Katika Kiswahili sanifu ritifaa ina kazi nyingine: hutofautisha “ng'” ya “ng'ombe” na “ng” ya “ngoma”, wala haionyeshi kuwa kitu kimeondolewa. Baadhi ya waandishi wa tamthilia na riwaya huandika “n'takuja” ili kunakili usemi wa wahusika, lakini matumizi hayo hayafundishwi kama kanuni. Mwanafunzi basi hana alama ya kumkumbusha kuwa kuna kitu cha kurudishwa.

Hata hivyo, kuwa na alama si kinga kamili. Mwanafunzi wa Moshi anapoingia kidato cha kwanza, ambako masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, anakutana na tatizo lile lile katika lugha ya pili. Umbo “could have” hufupishwa kuwa “could've”. Kwa kuwa sehemu yake ya mwisho husikika kama neno “of”, hata wenye lugha hiyo huandika *“could of”. Kosa hilo lina muundo sawasawa na *“amesha kula”: sikio limepokea umbo fupi, mkono ukalirefusha kwa neno jingine lenye sauti ya kufanana. Vivyo hivyo, mkanganyiko wa “its” na “it's” unalingana na ule wa “ndio” na “ndiyo”. Umbo moja la sauti lina maandishi mawili, na uamuzi ni wa sarufi, si wa sikio. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Kiingereza wanafundisha somo moja bila kujua.

Pili, silabi inayodondoshwa mara nyingi ndiyo iliyobeba habari ya kisarufi. Ikidondoka “ni-” katika *“mefika”, hatujui kama ni “nimefika”, “amefika” au “tumefika”. Mazungumzo huziba pengo hilo kwa muktadha, kwa kuwa msemaji yupo mbele yetu. Maandishi hayana msaada huo.

Tatu, mafunzo yetu yanatoa ujumbe unaopingana. Katika somo la ushairi mwanafunzi hufundishwa kwamba mshairi anaruhusiwa kufupisha maneno ili kutosheleza mizani. Mbinu hiyo huitwa inkisari, na hutajwa kuwa sehemu ya uhuru wa mshairi pamoja na mazida na tabdila. Katika somo la sarufi mwanafunzi yule yule huambiwa kwamba kufupisha ni uvivu. Kinachokosekana ni maelezo ya tofauti. Inkisari inatawaliwa na mizani, na inaweza kuiondoa “ni-” yote kama katika “takuja”. Ufupishaji wa mazungumzo unatawaliwa na fonolojia, na kwa kawaida huiacha nazali kama katika “ntakuja”. Maandishi rasmi ya nathari hayatawaliwi na lolote kati ya hayo, ndiyo maana hudai umbo refu.

8.0 Je, ni athari ya Kichaga?

Kabla umbo lolote halijahusishwa na lugha mama, yafaa maswali matatu yajibiwe. Je, umbo hilo linasikika mahali ambako lugha hiyo haizungumzwi? Je, lipo pito la ndani ya Kiswahili lenyewe linaloweza kulieleza? Je, linafanana na muundo wa lugha mama inayolaumiwa?

Kwa maumbo yaliyojadiliwa hapa, jibu la swali la kwanza ni ndiyo. “Nshafika” na “keshafika” ni maumbo ya kila siku Unguja, ambako Kichaga si lugha ya wenyeji. Jibu la swali la pili nalo ni ndiyo, kama ilivyokwisha kuonyeshwa katika sehemu ya 2.0 hadi 5.0. Jibu la swali la tatu linahitaji maelezo kidogo.

Kichaga si lugha moja yenye sura moja, bali ni mfululizo wa lahaja au lugha zinazokaribiana, kuanzia Siha na Machame upande wa magharibi, kupitia Kibosho, Uru na Vunjo, hadi Rombo upande wa mashariki. Mfumo wake wa njeo hautumii viambishi vya Kiswahili. Katika Kivunjo, kwa mfano, kama inavyoonekana katika makala ya Joan Bresnan na Lioba Moshi ya mwaka 1990, kitenzi kinaweza kutanguliwa na kiambishi “n-” chenye kazi ya msisitizo, na tendo linaloendelea huonyeshwa kwa “-i-”. Hakuna katika muundo huo kitu kinachoweza kuzaa “-sha-”. Ni kweli kwamba Kichaga kina nazali yenye silabi katika neno kama “mndu”, yaani mtu. Kwa hiyo masikio ya Mchaga hayaishangai “ntakuja”. Lakini kutoshangaa si sawa na kuleta.

Ikumbukwe pia kuwa mji wa Moshi si wa Wachaga peke yao. Mtoto aliyezaliwa Majengo au Pasua aghalabu ana Kiswahili kama lugha yake ya kwanza au mojawapo ya lugha zake za kwanza. Kumwambia kwamba anasema “nshafika” kwa sababu ya Kichaga ni kumhusisha na lugha ambayo pengine haizungumzi.

Hii haina maana kwamba lugha za Kibantu za bara hazijaathiri vitenzi vya Kiswahili. Kiambishi tamati “-ga” katika “naendaga” na “anasemaga”, chenye maana ya mazoea, kina mizizi katika lugha hizo, na Kiswahili sanifu kina “hu-” kwa kazi hiyo. Lakini tuangalie mwelekeo wake: “-ga” inaongeza silabi, haipunguzi. Athari ya lugha za jirani na ufupishaji wa ndani ni mambo mawili, na mwalimu anayeyachanganya hataweza kurekebisha lolote kati yake.

9.0 Mapendekezo kwa ufundishaji

Kutokana na uchambuzi huu yanapendekezwa mambo manne.

(i) Maumbo mafupi yaletwe darasani na yachambuliwe wazi, badala ya kukatazwa kimyakimya. Mwanafunzi apewe “ashakula” na atakiwe kupanda ngazi hadi “amekwisha kula”, akitaja kilichodondoka katika kila hatua.

(ii) Vipimo vifundishwe pamoja na kanuni: kubadili nafsi, kubadili idadi, kutumia mzizi wa silabi moja, na kukanusha. Vipimo hivi havihitaji kitabu. Vinahitaji ujuzi ambao mwanafunzi tayari anao kichwani.

(iii) Masahihisho yatofautishe makosa ya aina mbili. Anayeandika “nshafika” katika barua rasmi amekosea mahali pa kutumia umbo. Umbo lenyewe ni la Kiswahili. Anayeandika *“ame sha fika” amekosea uchambuzi. Wa kwanza anahitaji mafunzo ya mitindo, na wa pili anahitaji mafunzo ya mofolojia. Mstari mwekundu ulio sawa kwa wote wawili haumfundishi yeyote.

(iv) Wanaoandika kauli za watu wengine, kama vile makatibu, wauguzi na maofisa wa mahakama, wazoezwe kuuliza kabla ya kurefusha.

10.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba ufupishaji wa vitenzi katika mazungumzo ya Moshi ni sehemu ya mchakato mpana wa Kiswahili, ule ule uliotupatia “-ta-” na “m-” tunazoziita sanifu. Imeonyesha pia kuwa makosa mengi ya uandishi yanazaliwa mwandishi anapojaribu kurudi kutoka umbo fupi kwenda umbo refu bila kuijua njia. Lawama kwa uvivu au kwa lugha mama haionyeshi njia hiyo. Kilichobaki ni kazi ya uwandani: kurekodi mazungumzo ya wakazi wa mjini na wa vijiji vya mlimani, wa rika na lugha za kwanza mbalimbali, na kupima ni nani hasa hutumia “-mesha-”, nani hutumia “-sha-”, na katika mazingira yapi. Kazi hiyo inawafaa wanafunzi wa uzamili walio karibu na eneo hili. Matokeo yake yatatuwezesha kusema kwa uhakika kama “-sha-” imekwisha kuingia katika orodha ya njeo za Kiswahili, au ndiyo kwanza imefika mlangoni.